Uzi Mnyonge wa Baba

Baba,

Barua hii haina wa kuipeleka, hilo nalijua. Mama amenikuta nimekaa na kalamu akaniuliza namwandikia nani, nikamwambia nakuandikia wewe. Hakunicheka. Amesema nikusalimu sana, na nikwambie kwamba eda imekwisha, ametoka, na jambo la kwanza alilolifanya ni kwenda kugombana na muuza viazi. Basi ujue kwamba mama ni mzima.

Naandika kwa herufi ulizonifundisha wewe, ulipotaka mtu wa kukuandikia majina ya wavuvi wenye mishipi ya kuvulia, na mimi nikiwa sijafikia hata kimo cha pete ya mlango wetu. Ile pete nayo ipo, imechakaa upande mmoja kwa mishipi tuliyoifunga hapo kuijaribu. "Vuta kama wamvuta mbuzi wa idi," ulikuwa ukiniambia, nami nikivuta mpaka nikaketi chini.

Ni miezi sita sasa. Siku za matanga wavuvi walipokuja kuhani, walikuwa wakimuuliza mume wangu kwa sauti ya chini ni nani atakayewasokotea mishipi. Salim akaniangalia, mimi nikaangalia mkeka. Ni sisi wanne tu, wewe, mama, Salim na mimi, tuliojua kwamba macho yako yalikuwa yamekwisha, na kwamba mishipi ya miaka mitatu ya mwisho ilisokotwa na mimi humu ukumbini, wewe ukikaa nje barazani na kuitoa kama yako. Nilimwambia Salim awajibu kwamba mishipi itapatikana. Ikapatikana. Wakasema fundi amekufa lakini mkono wake umebaki, nami nikasikia nyuma ya mlango, nikafurahi, kisha nikalia.

Ila kulikuwa na kitu kimoja ambacho hukuniachia mpaka mwisho, nacho ni ncha. Uzi wa pamba niliusokota mimi na kuuchemsha kwa magome ya mkoko usioze. Pima mbili za kamba ya makumbi niliziunga mimi, ile kamba ya nazi inayonyumbuka, ili samaki akishtuka mshtuko uishie humo kabla haujamfikia mvuvi. Hata udodi wa kufungia ndoana, ule waya mwembamba ambao meno ya nguru hayauwezi, nilikuwa nikiupinda mimi. Lakini kati ya makumbi na udodi ulikuwa ukitia shubiri moja ya uzi wako mwenyewe, mnyonge kuliko kitu chochote kilichokuwamo mshipini. Uliuchagua kwa meno. Uliuvuta, ukautema, ukataka mwengine, na mimi nikikuangalia nikidhani unajichosha bure.

Huo ndio uliokuwa ukikatika. Samaki mkubwa akenda na ndoana na udodi, mshipi ukarudi. Na Bakari, jirani yetu asiyeweza kupita barazani bila neno, alikuwa akisema, "Fundi hana ujinga huyu. Ndoana ikenda, mvuvi huya kununua nyengine." Watu wakicheka, na wewe ukicheka nao. Ukiulizwa sana ulisema tu, "Samaki akiwa mkubwa kukushinda, mwate ende zake."

Sasa nikwambie nisilokwambia ulipokuwa hai. Nilimsadiki Bakari. Nilikupenda, nilikuheshimu, na moyoni nilijua kwamba baba yangu ana ujanja kidogo wa biashara.

Kwa hiyo mwezi wa pili baada ya wewe kuondoka, duka la Mhindi karibu na forodha lilipoleta mishipi ya Ulaya, na watu wakaanza kusema ile haikatiki, niliona jina lako litapotea kwa shubiri moja ya uzi. Nikautoa. Nikatia waya mnene wa chuma mahali pa udodi, nikauunga moja kwa moja kwenye makumbi, fundo tatu. Nilitaka kuyatoa na makumbi pia, mshipi uwe laini kama wa Ulaya. Mama akaniambia kutoka kitandani mwake, "Makumbi yaate. Yana harufu ya babako." Nikayaacha kwa ajili yake, si kwa akili yangu.

Mshipi wa kwanza nilimpa Salim, mkwe wako, uliyekuwa ukimwita Bwana Pole. Wa pili akauchukua Bakari, na mingine ikaenda kwa watu watatu. Wiki tatu nzima hakuna aliyepoteza hata ndoana moja. Bakari alipita barazani akasema fundi mpya, yeyote awaye, amekwisha kuuacha ubahili wa fundi wa zamani, nami nilitembea humu ndani kama mwanamke aliyezaa mapacha.

Kisha ikaja ile asubuhi. Walikuwa nje ya Ras Serani, Salim na Bakari, chombo kimoja. Salim alikuwa ameuzungusha mshipi kiganjani, jambo ulilokuwa ukimpigia kelele kila siku. Kitu kikala. Hawakukiona mpaka leo, Bakari husema ni papa. Kikaondoka na ndoana, mshipi ukakaza, na hapakuwa na pa kukatikia. Chuma hakikukatika, pamba haikukatika, fundo zangu tatu hazikufunguka. Kilichobaki cha kukatika kilikuwa mkono wa mume wangu.

Makumbi ndiyo yaliyonyumbuka. Bakari anasema yalivutika yakawa membamba kama uzi wa kushonea, na katika kule kuvutika akapata muda wa kushika kisu na kuukata mshipi. Bila yale makumbi asingewahi.

Walirudi adhuhuri, mkono wa Salim umefungwa kwa kilemba cha Bakari. Bakari akenda mbio kumwita tabibu. Tabibu akakishona kiganja, akatuambia tusubiri, hakuahidi kwamba vidole vitakunja tena. Salim hakunilaumu hata kwa jicho. Angenitukana, Baba, ningelala vizuri zaidi.

Siku moja mama alikuwa akimwosha ule mkono kwa maji ya chumvi. Akatua, akautazama sana, akasema, "Ni ule ule wa babako."

Unajua alilolisema. Vidole vyako viwili vya mkono wa kushoto, visivyokunja. Sisi watoto tulikuuliza na kila mmoja ulimpa samaki wake. Mimi ulinipa papa. Kaka yangu, Mungu amrehemu, ulimpa chewa wa Mbaraki aliyekuwa na ndevu. Binti wa jirani ulimwambia ni kaa, na kwamba ulimla kwa hasira. Mama akasema, "Hapana samaki, Zuhura. Ni mshipi. Aliusokota mwenyewe, bado kijana hajanioa, akijigamba mtaa mzima kwamba hautakatika maisha yake."

Niliingia jikoni nikalia. Kwanza kwa aibu, maana miaka yote nilikudhania bahili. Halafu nikakasirika. Ungeniambia. Neno moja tu, Baba, kati ya maneno yote uliyoniambia kuhusu mbuzi wa idi. Nilikukasirikia siku mbili, nikapika bila chumvi na hakuna aliyethubutu kusema. Mpaka nikaona: wewe ulikuwa radhi watu wakuite bahili maisha yako yote kuliko wajue kwamba fundi wa mishipi aliumizwa na mshipi wake mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango, watu watatu wakivua kwa mishipi yangu, nikitafuta namna ya kuirudisha bila kusema kwa nini. Fahari ni ile ile. Nimeirithi pamoja na pete ya mlango.

Basi nikamtuma Bakari akawaambie kweli yote: mishipi hii ni kazi ya Zuhura, kosa ni la Zuhura, irudisheni leo. Kwa hiyo siri yetu imetoka, nisamehe. Mmoja alisema hawezi kuvua kwa mshipi wa mwanamke, akautupa mlangoni, akenda zake kwa Mhindi. Waliobaki wakarudisha, nikaikata yote na kuifunga upya kwa udodi na uzi mnyonge. Nimeuchagua kwa meno. Vidole huongopa, meno hayaongopi, sasa nalijua hilo pia. Bakari akipita hugonga mlango na kuita "Fundi," na mimi huitika.

Alhamisi iliyopita Salim alikwenda baharini mara ya kwanza tangu siku ile. Nilikaa ukumbini nikasokota uzi usiokuwa na mwenyewe. Alirudi kabla ya alasiri, kikapu kitupu. Akaniwekea mshipi mapajani. Pamba ilikuwako yote, makumbi yalikuwako yote, na pale shubiri ya uzi mnyonge ilipoanzia mshipi umekatika, safi, pale pale. Kisha akakifungua kiganja chake mbele yangu, akakifumba, akakifungua. Kidole kidogo huchelewa kidogo, lakini hufika. Nikacheka mpaka mama akaja kuuliza samaki yuko wapi, na Salim akamwambia, "Tumemwata ende zake."

Tuna raha, Baba. Nilitaka ujue hilo kuliko yote.

Kaa kwa amani huko kwa Mola wako. Nakuahidi hakuna mshipi utakaotoka mlango huu bila uzi wako. Na mtoto wangu, akizaliwa salama mwezi wa tatu kutoka sasa, atakapouliza juu ya vidole vya babu yake, nitamwambia kweli kwanza. Samaki wako wote nitamsimulia baadaye.

Mwanao,
Zuhura