Namba 0417 Ni Nani

Jumatatu, 3 Machi
Majibu ya damu ya washiriki wa utafiti yamefika. Nimeingiza hamsini na mbili kabla ya chai. Kazi yangu ni namba tu. Majina yamefungwa kwenye programu nyingine, haifunguki bila nywila mbili: yangu na ya daktari.
0417, ini linaharibika. Ni vidonge vyetu vya utafiti. Aviache leo leo. Daktari yuko safarini Gulu hadi kesho. Nimebaki na nywila yangu kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Jumanne, 4 Machi
Tumefungua. Jina lililotoka ni langu. Tarehe yangu ya kuzaliwa, kadi yangu ya ukimbizi. Sijawahi kumeza kidonge chao hata kimoja.
Nikamwambia daktari programu imekosea. Mwongo mimi. Nilijua papo hapo. Mwaka jana mdogo wangu Furaha aliazima kadi yangu, eti asajili laini ya simu. Kumbe alijiandikisha nayo kwenye utafiti: yeye hana karatasi, na sura zetu ni moja. Naogopa kufukuzwa kazi.
Nimepiga laini ile, haipatikani.

Jumatano, 5 Machi
Furaha aliondoka Januari. Nilimwambia nyumba ni ndogo. Nilisema na mengine. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekuja mapema.
Mtaa mzima wa Nateete nimeuliza, kila Mkongomani mwenzetu anayeuza vitenge. Wananitazama tu. Wanadhani natafuta ugomvi.
Ofisini fundi anachokonoa programu, anatafuta kosa ambalo halipo. Nami kimya. Najichukia.

Ijumaa, 7 Machi
Bado sijampata. Kila asubuhi anameza vile vidonge.

Jumamosi, 8 Machi
Muuza sombe mmoja, yale majani ya muhogo, kanihurumia. Kaniambia Furaha yuko mtaa wa Luzira, anafulia watu nguo. Nimemkuta kwenye beseni, macho ya manjano kabisa. Leo pia alishameza.
"Walisema nisiruke hata siku moja, dada."
Nimelia mbele za watu.

Jumapili, 9 Machi
Jana hiyo hiyo nilimpeleka hospitali. Mapokezi wakauliza jina la mgonjwa. Furaha akataja langu, kwa mazoea. Nikamkatiza, nikataja lake, lile mama alilompa. Kisha nikampigia daktari, nikamweleza yote tangu Jumanne. Akasema kesho nirudishe kitambulisho cha kazi.
Sawa.
Wodini hawajaahidi kitu. Wamesema tungoje. Amekunywa uji, nusu kikombe, akalala.