Pindo Linalolalia Kushoto

Mdogo wangu wa ziwa moja,

Nakusalimu, na salamu hii uipokee ukiwa umekaa kitako, maana yanayofuata si ya kusoma umesimama mlangoni. Hujambo? Macho yako je, yale matone uliyopewa yanasaidia au yanakuliza tu? Shemeji naye, kifua kimetulia? Sisi huku wazima. Goti langu bado linaniamrisha kama bwana mkubwa: likisema kaa, nakaa. Mwanangu mzima, mkamwana wangu mzima, na mdomo wake mzima zaidi.

Usishangae mwandiko, ni wangu mwenyewe. Shule mimi niliiona kutoka nje ya uzio nikipeleka wanangu, lakini wateja wa simuni wamenifunza herufi. Mtu akikuuliza mara arobaini kama ipo ya bluu, utaijua tu bluu inavyoandikwa. Ningeweza kukupigia, nimekataa. Ningeweza kukutumia ujumbe, nimekataa pia, kwa sababu vya simuni vinafutika, na mimi najijua, ningefuta. Karatasi ikishaingia kwenye bahasha imekwenda.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mkamwana akaniuliza kama ni wimbo mpya. Umesema, dada, nifundishe na mimi kuuza shali zangu mtandaoni. Haya, nitakufundisha kama nilivyofundishwa na huyu mkamwana, ambaye unajua ni fundi wa simu na anajiona amezizaa yeye.

Picha piga asubuhi, karibu na dirisha, taa ya ndani usiiwashe. Tandika blanketi la rangi moja, shali juu yake, basi. Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya sweta, na nyuma yake ndoo yangu ya kufulia ikaonekana. Mteja wa kwanza kuniandikia maishani akauliza bei ya ndoo. Piga na moja ya karibu kabisa, mtu aone uzi na mishono, maana hawezi kushika kwa mkono.

Chagua jina moja na ulishikilie. Mimi wiki ya kwanza nilibadilisha mara tatu, watu wakadhani ni mabibi watatu wanagombea duka. Nililobaki nalo nitakutajia, subiri. Andika vipimo, andika uzi ni wa namna gani na unafuliwaje, andika siku unazokuwepo. Watu wana aibu kuuliza, na asiyeuliza hanunui. Anayeuliza naye mjibu siku hiyohiyo. Mtu anataka shali ya mtoto mchanga, wewe umjibu mtoto ameshaota meno?

Na akilalamika usipigane naye. Mama mmoja aliniandikia mbele za watu kwamba sweta limembana mwanawe. Nikamjibu kwamba sweta halina neno, mtoto ndiye mnene. Mkamwana alininyang'anya simu kama ananinyang'anya kisu. Akanilazimisha niombe radhi palepale waliposoma wote, nikafuma jingine. Yule mama akarudi kunisifu palepale, akaniletea na wenzake watatu. Kwa hiyo meza hasira, dada yako amekuonjea.

Picha ya mtoto wa mteja usiiweke bila kumwuliza mzazi. Usimwage kazi zako zote siku moja, toa moja moja, watu wawe na hamu ya kurudi. Na la mwisho alilonipa mkamwana, akiwa ameninyooshea bisibisi kabisa, ni kwamba kisichotoka kwenye mkono wangu nisikiweke kwenye ukurasa wangu. Hilo nililiitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, huku natafuta miwani.

Sasa nije kwenye ile nusu ya pili ya ujumbe wako, ambayo nimeizunguka tangu nianze kuandika. Umesema mwenye duka la nguo za watoto amekurudishia shali zako zote kwenye mfuko, mbele ya wateja, akisema hauzi vya kuiga, na kwamba pindo lako la misokoto ni la mtu mwingine anayejulikana mtandaoni, mmoja anaitwa Bibi Sindano. Umesema ulifika nyumbani ukamwambia shemeji kwamba sindano utaziuza, umri huu huwezi kuitwa mwizi. Halafu ukaniuliza mimi, kwa kuwa najuana na watu wa simuni, kama namfahamu huyo Bibi Sindano.

Namfahamu. Ni mimi.

Usiikunje karatasi kwanza. Unakumbuka mwaka jana, wakati wa mvua, ulinitumia picha tatu za shali yako ya kwanza yenye lile pindo? Uliniuliza, dada, imekaaje? Mimi nikakujibu kwamba si mbaya, ila angalia pembe. Hilo tu. Nilikuwa nimeitazama mpaka chozi limenitoka kwa uzuri wake, na nikakwambia uangalie pembe.

Ukurasa wangu ulikuwa na mwezi mzima na watu kumi na mmoja, wanne wao rafiki zake mkamwana waliolazimishwa. Nikaweka picha yako. Sikuandika kwamba ni yangu, na sikuandika kwamba si yangu. Nilijiambia kwamba aliyekushikisha sindano ni mimi, kwa hiyo hata hii ina mkono wangu kidogo. Kufika mchana simu ilikuwa inatetemeka mezani kama ina homa. Wakaniita fundi. Wakasema mikono yangu ibarikiwe. Mdogo wangu, ilikuwa tamu, nisikudanganye. Kesho yake nikaweka ya pili, na keshokutwa ya tatu. Walioitaka shali nikawaambia zimekwisha, wachukue sweta. Masweta yangu yametembea mjini kwa mgongo wa shali yako.

Halafu mwenye duka moja akaagiza shali ishirini zenye pindo lilelile, na huyo sikuweza kumpa sweta. Nikakaa nifume. Nikafumua. Nikafuma tena, nikafumua mara nne, uzi ukaota manyoya. Misokoto yako inalalia kushoto, yangu inalalia kulia. Nikijaribu kuigeuza inatoka kama kiatu kilichovaliwa mguu usio wake. Ndipo nilipokumbuka jinsi ulivyojifunza: umekaa mbele yangu, uso kwa uso, unafanya kwa mkono wa kushoto kila nilichofanya kwa kulia.

Na nilivyokufanyia nikakumbuka pia. Nilikuita Mashoto mpaka jirani wakajua ndilo jina lako. Nilikufunga mkono ule kwa kitambaa kwenye mguu wa kiti, ufume kama watu, nikakuacha hivyo mpaka mama akarudi kukufungua. Hukunisemea, ulimwambia tulikuwa tukicheza. Mkono nilioufunga ndio niliokuja kuuibia uzeeni.

Mkamwana alishahisi. Kazi yake ni kutazama vitu vidogo. Siku moja aliikuza picha, akaniuliza kwa upole kwamba, hivi mama, wewe unafuma kwa mkono gani? Nikamwambia atengeneze simu, uzi aniachie mimi. Akachukua bisibisi yake, akarudi kwenye simu zake. Ujumbe wako ulipokuja nikamwambia yote. Nilitaka anigombeze niishe. Akasema tu, mama, mbona unaniambia mimi?

Basi Jumatatu asubuhi nimeandika chini ya picha zote tatu, kwa kidole changu, kwamba kazi hii ni ya mdogo wangu, mimi niliichukua bila ruhusa, na anayemwita mwigaji anamwonea. Yule wa shali ishirini nimempigia nikamwambia hivyohivyo, akakata simu. Wengine wamenitukana, na wana haki. Mmoja amedai arudishe sweta, wakati sweta ni langu kweli. Nimempokelea.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha pindo nilichofuma mimi. Ni kibaya, usikionee huruma. Kichukue pamoja na shali yako moja, nenda kwa huyo mwenye duka, uviweke juu ya meza yake na ile picha ya simuni katikati. Hahitaji kusoma, atazame tu linalolalia wapi. Akikuuliza nani alikuibia, mwambie dada yangu. Usinifiche mara ya pili. Na sindano, nakuomba kwa miguu ya mama yetu, usiuze.

Ukurasa nao ni wako. Watu waliobaki walikuja kwa ajili ya kazi yako. Mpe simu yako kijana yeyote mwenye duka la simu, aingie kwa jina hilo la Bibi Sindano, akubadilishie jina na neno la siri, unifungie nje kama ukitaka. Siku ya kuufungua mkamwana aliniambia nichague neno ambalo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Wala sikufikiri. Neno lenyewe ni mashoto, herufi ndogo zote.

Msalimie shemeji, mwambie avae sweta nililompelekea hata kama rangi haipendi. Wasalimie wanangu wote hapo. Mkamwana anakuamkia, anasema pembe za shali yako hazina kasoro yoyote. Nisamehe ukiweza. Ukishindwa niandikie hivyo hivyo, siku hizi najisomea mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
niliyekufunga mkono.