Viti Viwili Juu ya Tanki

Jumatatu, 25 Agosti
Nimeosha tena kreti za zabibu, na vumbi limerudi tena. Upepo wa Dodoma hauna adabu. Mume wangu Elia amerudi kutoka Majengo na viti viwili vya gari dogo lililogongwa. Anataka kuvifunga kwenye pikapu yetu, atoe kile kiti kirefu ambacho springi zake zinamchoma mgongo. Ana furaha ya bwana harusi. Mimi sina. Tanki la petroli liko chini ya kiti hicho hicho.

Jumanne, 26 Agosti
Matundu ya bolti hayalingani. Elia anasema vyuma vitachomelewa pale pale, juu ya tanki. Amenyonya petroli yote kwa mpira, akatema mate, akatangaza: tanki tupu, salama.

Kaka yangu Yona alichomelea pipa tupu la petroli kule Msalato. Tupu. Tulimzika bila kufunua jeneza. Nimemkumbusha Elia. Amesema pipa si gari.

Naogopa. Hata chai imenishinda.

Jumatano, 27 Agosti
Fundi wa kuchomelea alikuja na mashine yake. Mimi nilikuwa nimewasha jiko la umeme tangu alfajiri, nachemsha maji yasiyo na kazi, mpaka umeme wa luku ukaisha, mashine isiwake. Nikajiona mjanja. Elia akanunua umeme kwa simu, ukarudi kabla maji hayajapoa.

Basi nikapanda garini, nikakaa.

"Mama, shuka tufanye kazi," fundi akasema.

"Baba Neema," nikamwambia Elia, "ukichoma, tuungue wote."

Alinitukana kimoyomoyo, nilimwona. Kisha akachukua spana. Bolti za tanki zilikuwa na kutu, kazi ikawa ya jasho na matusi. Wakalifungua, wakalibeba hadi kwenye uzio. Hapo ndipo Elia alipofanya ujinga. Eti anionyeshe kuwa uoga wangu ni wa bure. Akawasha kipande cha gazeti, akakitupia mdomoni mwa tanki.

Mshindo ule sijui niuandikeje. Tanki lilipasuka, likaruka uzio. Fundi alikimbia na miwani yake usoni. Elia alikuwa amekaa chini, hana nyusi. Nilimpapasa mwili mzima. Mzima. Nikampiga kofi. Nikalia.

Alhamisi, 28 Agosti
Nikifumba macho naliona tanki likiwa bado chini ya kiti, na Elia ameinama juu yake.

Kwa mwoga huenda kicheko, wanasema. Mbona sicheki.

Jumatatu, 1 Septemba
Viti vimechomelewa kwanza, kisha likafungwa tanki jingine la mtumba. Leo tumekwenda Makutupora kuchukua zabibu zilizobaki. Nyingine zimeoza shambani.

Zamani tulikaa tumebanana, bega kwa bega. Sasa kuna nafasi katikati. Elia aliendesha polepole. Njiani akaniuliza kama nimekaa vizuri. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniuliza.

Nilikuwa nimeng'ang'ania kiti kwa mikono miwili. Nikamwambia nimekaa vizuri.