Tuta la Kushoto

Jumapili, 3 Machi

Leo nimepanda miche ya nyanya uani, matuta mawili. La kulia litapata mboji kutoka kwenye shimo letu la maganda na majani makavu. La kushoto litapata maji matupu. Udongo ule ule, jua lile lile. Tofauti iwe moja tu, ndipo tujue kinacholeta matokeo. Ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi — sasa ni zamu ya majirani! Mwezi ujao wapangaji wa jengo letu watapiga kura: shimo libaki, au ua wote umwagwe zege, yaegeshwe magari.

Fundi magari wa ghorofa ya pili ananitania: "Mwalimu, nyanya haziendeshwi." Nimemjibu kwamba gari nalo haliliwi.

Mama mkwe, dirishani, hakucheka. Aliuliza kwa nini tuta la kushoto linyimwe chakula. La kulinganishia, nikaeleza. "Kwani lina kosa gani?" Swali la maadili hilo, na zito.

Jumapili, 24 Machi

La kulia limestawi, kijani kibichi! La kushoto limedumaa, majani ya manjano. Nimefurahi, kisha nikaona haya kufurahia unyonge wa mmea. Mume wangu asema mamake amelipa tuta hilo jina: Yatima.

Ijumaa, 12 Aprili

Maajabu! Yatima amenawiri. Shina nene, maua tele. Nikatunga nadharia — kivuli, mizizi, mvua — kila moja ya kipuuzi kuliko mwenzake. Jioni nikamkuta mama mkwe uani, mikono imejaa mboji. Hakuficha. "Mmoja anashiba, mwenzake anakodoa macho! Mwanangu, mimi nimenyonyesha mapacha. Sijawahi kumlaza mmoja na njaa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikakauka: kura ni kesho, na fundi ameshatangaza ngazini kwamba matuta yako sawa, mboji ni pambo tu.

Nikinyamaza, shimo linafukiwa. Nikieleza, namwaibisha mama mkwe mbele ya jengo zima. Nikidai jaribio limefaulu, nitakuwa mwongo — hilo nimelikataa kwanza.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika kikaoni, kiti cha nyuma. Fundi amemaliza kuhutubia, makofi mengi. Zamu yangu inafuata. Nitasema ukweli: jaribio limeharibika, tuanze upya, kura isogezwe mbele. Aliyeliharibu sitamtaja.

Mwenyekiti ananiita — la, mama mkwe ameinua mkono! Yuko safu ya mbele, ameshika mche wa nyanya uliong'olewa na mizizi yake, udongo unadondoka sakafuni.

"Mwenyekiti, kabla mkwe wangu hajatusomesha. Huyu mlimwona nyote alivyokuwa anakufa?"

Walimwona, wanaitikia.

"Basi mimi ndiye niliyemlisha kwa siri. Nimemlisha nini?"

Ee, mama huyu! Ameliponya jaribio langu kwa kuliharibu. Nimeikunja hotuba. Fundi amesimama — anaomba aushike huo mche, aitazame mizizi —