Nyota Iliyo Juu ya Paa la Jirani

Jumanne. Mvua ilipiga Shinyalu mchana kutwa, ikakatika jioni na anga likatakata. Nimefunga mlango kwa komeo.

Marehemu mume wangu alikuwa akiwatembeza wageni msituni Isecheno kutazama ndege. Aliniachia darubini yake, nami huitumia kufuata nyota moja. Ni nyota kubwa nyekundu iliyozeeka, iko mbali mno, na haionekani kwa macho matupu. Huongeza mwanga kwa miezi, kisha hufifia. Siku hizi, giza likiingia tu, inakaa upande wa magharibi, juu ya paa la jirani yangu Baba Doreen.

Hilo paa ndilo tatizo.

Juzi mkewe, Mama Doreen, aliharibikiwa na mimba. Leo nilikuwa nimesimama uani, darubini machoni, nikawasikia wakikatiza katikati ya shamba langu la mahindi: Baba Doreen, kaka yake, na Mama Doreen nyuma yao, amejifunga leso kiunoni. Kaka mtu alikuwa na panga.

Baba Doreen hakunisalimu.

"Mama Vincent, wewe unaangalianga nini kwetu kila jioni?"

Nikamwambia ni nyota. Kaka yake akasema wachawi hawakosi jibu. Mwanangu Vincent yuko Nairobi, hapa niko peke yangu. Niliona nikikimbia ndio nimejimaliza, basi nikampa Mama Doreen darubini.

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Nyota imefifia sana mwezi huu, hata mimi jana niliitafuta kwa shida. Asipoiona, nimekwisha.

Nilimwelekeza atafute nyota mbili nyeupe, kisha ashuke kidogo. Akaisogeza darubini taratibu. Kaka mtu akahamisha panga mkono wa pili.

"Kuna kanyota kekundu," akasema mwishowe. "Kadogo sana."

Akaniuliza kama kanakufa. Nikamwambia bado, kanafifia tu. Hakunirudishia darubini mara moja. Alilia nayo usoni, bila sauti, na mumewe akageuka akatazama mahindi.

Waliondoka bila kuaga. Kaka mtu aliniambia nitafute mahali pengine pa kusimama. Mama Doreen alinishika mkono tu.

Sijui kama yameisha. Kesho sokoni watasema nini?

Hata hivyo, anga likiwa wazi nitasimama palepale uani. Nikihama, nitakuwa nimekiri kosa ambalo sikulitenda.