Sebule Yangu Imepandwa Migomba

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo litakalosemwa mtaa mzima, maana mimi ni karani wa bohari moja kule Viwandani na ninaishi hapa Jericho, mke wangu Koki yuko nyumbani Ukambani na watoto, na shida yangu inatokana na shamba aliloniachia baba, shamba ambalo linaanzia juu kilimani penye mawe matupu, ambapo hata mbuzi hukanyaga kwa kufikiri, likateremka hadi kwenye kijito, na kabla hujafika kijitoni kuna tambarare iliyoinuka kama ngazi, mafuriko hayaifikii, na ukiwa ndani ya basi linalovuka daraja unaiona yote, nami nikaapa hapo ndipo nitajenga nyumba ya mawe, ili kila abiria aulize, "Hii nayo ni ya nani?"

Agosti ya mwaka jana nilichukua likizo nikampeleka fundi Munyoki tuchimbe msingi, na kwa vile mimi ni mshirika wa kanisa na mahubiri ya nyumba na mwamba nimeyasikia tangu utotoni, nikamwambia asiweke jiwe hata moja mpaka tuufikie mwamba, na hapo ndipo nilipogundua kwamba baba aliniachia shamba lenye kasoro, kwa sababu tulichimba udongo wa juu, mweusi-mweusi na mwepesi, unavunjika mkononi kama keki, tukaingia kwenye wa kahawia, ukatufika magotini, ukatufika kiunoni, tukapata tabaka jembamba la mchanga, na chini yake tena udongo ule ule laini, bila hata jiwe la kumrushia kunguru, mpaka fundi akabaki kichwa tu, na bado mizizi ya mti ulio mbali inampitia mbele ya pua, akanitazama kutoka shimoni akasema, "Baba Ndindi, huu si msingi tena, hiki ni kisima," nikamwambia kisima huwa na maji, na hapa hata hayo hayakai, kwa sababu tulimwaga mapipa mawili mtaroni tuyahifadhi ya kuchanganyia saruji, na tulipomaliza kunywa chai udongo ulikuwa umeyanywa yote.

Likizo ikaisha nikarudi Jericho, nikasema pale kibandani kwa chai kwamba msingi umekwisha, nikanunua kitambaa cha mapazia ya sebule kwa Abdiqadir huko Eastleigh, cha maua mekundu, nikaalika kwaya nzima ya kanisa waje kuibariki nyumba siku ya pili ya Krismasi mwaka huu, kisha kazi ikanibana nikakaa bila kwenda nyumbani, ingawa sikatai kwamba mwaka ule wote wa ukame Koki alikuwa akinitumia kunde na viazi vitamu kwa basi, lakini hayo si ya hapa.

Basi Agosti hii nikaenda, na nilichokiona sitakisahau, mitaro yangu yote imejazwa samadi na mabua na kupandwa migomba, sebule migomba, chumba cha kulala migomba, na Koki mwenyewe amesimama katikati ananiambia, "Asante Baba Ndindi kwa kunichimbia mashimo. Ya chumba cha kulala imeshika vizuri, lakini hii ya sebuleni ndiyo imetangulia kuzaa," nami kwa hasira nikamwambia nikija Krismasi nikute migomba imeng'olewa, la sivyo achukue sanduku lake arudi kwao, na sasa mama ameniletea habari kwamba sanduku limefungwa kweli, liko mlangoni, ila kila asubuhi Koki anashuka shambani kama kawaida, na jirani yangu Chege, dereva wa lori, amepita kwenye lile daraja akaona mambo yote, siku hizi ananisalimu kwa sauti kubwa sokoni, "Sasa, mwenye nyumba! Sebule inaiva lini?" Mshauri, nianze na lipi, ning'oe migomba mwenyewe au nitangulie kumrudisha mke kwao?

Mimi Niliyeporwa Sebule,
Jericho, Nairobi.

*

Bwana Uliyeporwa Sebule,

Pole. Pole sana. Barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa huzuni, kama kazi yangu inavyotaka, na mara ya pili nikamsomea mke wangu Lydiah, naye akacheka mpaka chai ikampalia. Nisamehe kwa niaba yake. Yeye hana cheo katika gazeti hili, kwa hiyo anaruhusiwa kucheka.

Mimi nitakuonea huruma, ndiyo kazi yangu. Udongo usio na jiwe! Maskini, jembe linazama tu, hata mtu hapati kisingizio cha kuketi. Mvua inanyesha usiku kucha na asubuhi unapita hapo na viatu vyako vya kanisani, maji yamekwisha kushuka zake! Na ukichimba, udongo hauishi! Sijui usiku unapataje usingizi, bwana, na balaa lote hilo limelala kando ya kijito likikungoja.

Wewe unaishi Jericho na unanieleza mimi juu ya udongo mbaya? Toka nje ya mlango wako uutazame wetu. Mvua ikinyesha, unaenda mbele na kiatu kinabaki nyuma. Jua likiwaka, unapasuka. Mwaka jana ufa wa nyuma ya nyumba yangu ulimeza kijiko, na hadi leo Lydiah ananiuliza kilipo. Nina miche ya sukuma wiki kwenye debe, naimwagilia, naiombea, naizungumzisha kwa lugha zote ninazozijua, na kinachonenepa kwangu ni mimi peke yangu. Lydiah ananiagiza nikuulize kama Koki anaweza kumkodisha kipande, hata kiwe pale ulipopanga kuweka choo.

Sasa nisikilize, maana huruma yangu imekwisha.

Unajua ile tambarare ilitoka wapi? Ililetwa na kijito hicho hicho. Kabla babu yako hajazaliwa kilikuwa kikipita juu kuliko leo, na kila kilipofurika kilichota udongo mzuri wa watu wa huko milimani kikauweka hapo, mwaka huu laini, mwaka ule mchanga kidogo, tabaka juu ya tabaka, kama mama anayepanga chapati. Halafu kikachimba njia yake chini zaidi, kikahama kwa heshima na kuwaachia. Ndiyo maana mafuriko hayafiki, ndiyo maana jiwe hulioni, na ule mchanga uliokukera ndio unaopitisha maji ili mizizi isioze. Na maji yale ya mapipa hayakupotea, bwana karani. Yameshuka kule chini ambako jua haliwezi kuyafuata, lakini mzizi unaweza. Ulikuwa unapita mbele ya pua ya fundi wako, na nyote wawili mkauona kama uchafu.

Watu wanafikishana mahakamani kwa udongo kama huo. Wewe ulitaka kuuziba kwa saruji ili abiria wa basi wakuulizie jina.

Halafu umesema jambo moja ukalipita haraka, kama mtu anayepita karibu na duka analodaiwa. Kunde na viazi vitamu. "Hayo si ya hapa." Ndugu yangu, hayo ndiyo ya hapa! Mwaka jana mimi na nusu ya Eastlands tulikuwa tukitafuna ugali wa mahindi ya manjano na kuambiana ni mtamu. Wewe ulikuwa unapokea kifurushi kwenye basi. Kilitoka wapi? Kule kilimani kwenye mawe? Kilitoka kwenye shamba lile lenye kasoro, mikononi mwa mwanamke ambaye sasa amefunga sanduku.

Na hilo sanduku ndilo lingekutoa jasho, si salamu za Chege. Mwanamke aliyekasirika huondoka. Aliyechoka hufunga sanduku, akaliweka mlangoni, kisha akashuka kupalilia, ili wewe uwe na nafasi ya kuona aibu. Krismasi usiingoje. Nafasi hiyo haina mizizi mirefu kama migomba yake.

Jumamosi hii panda basi. Mama yako usimfanye mjumbe, ameshatembea vya kutosha, na maneno ya kufukuza yaliyotoka kinywani mwako yatarudishwa na kinywa hicho hicho. Ukifika, kabla hujaomba hata maji ya kunywa, beba sanduku wewe mwenyewe ulirudishe ndani. Ni zito, najua. Ndilo jiwe la kwanza unalobeba kwa ajili ya nyumba yako.

Kuhusu nyumba yenyewe, umehangaika kuutafuta mwamba chini ya udongo wote ule, na mwamba unao, uko kilimani juu ya uso wa ardhi, mbuzi wanausimamia. Mhubiri alisema ujenge palipo na mwamba. Sikumbuki aliposema uuchimbie mpaka uupate. Mpeleke Munyoki huko. Msingi mtaumaliza kabla ya chai, na mawe ya kuta mtayaokota hapo hapo. Na nyumba ya juu kilimani huonekana kutoka darajani vizuri zaidi, ikiwa bado maradhi hayo unayo.

Kitambaa cha Abdiqadir mpe Koki avundikie ndizi. Maua mekundu hayajawahi kuzuia ndizi kuiva.

Wanakwaya waache waje. Krismasi hiyo nyumba ya kilimani haitakuwa imefika hata dirishani, usijidanganye, nawe usiwadanganye wao. Chege naye mwalike, awekwe mbele. Wateremshe moja kwa moja hadi chini, watandikieni mikeka kati ya migomba, waimbie hapo kivulini, na Koki akate mkungu ule wa sebuleni mbele yao. Wakiuliza nyumba iko wapi, wewe nyamaza. Mwache mwenye sebule awajibu.

Hayo yote ni kama utakuta sanduku bado liko mlangoni. Ukikuta mlango mtupu, usipande kilimani na usiguse jembe. Nenda kwao Koki hivyo hivyo, na kiatu chako cha vumbi, ukapige magoti. Migomba itakungoja. Udongo ule una subira kuliko sisi wawili, lakini palizi haujajifunza kujifanyia.

Wako,
Mjomba Ngigi