Nta ya Mume Wetu

Ipole

Sesilia, mke mwenzangu,

Marahaba. Huku sisi wazima, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike. Umeniuliza ufanyeje na bolti ya plau la trekta iliyoshika kutu huko Mbarali. Kwanza weka nyundo chini.

Mvua za kwanza baada ya harusi yetu, babu yako alitaka kubadilisha ulimi wa plau la ng'ombe. Bolti zote mbili zilikuwa zimeganda. Akachomeka bomba kwenye spana, akavuta kwa hasira, moja ikakatika. Majirani walikuwa wanalima, sisi tumekaa, naye hakutaka kusikia neno la mke.

Nilingoja hadi akaenda kunywesha ng'ombe. Nikaipasha moto ile iliyobaki kwa kaa la moto, nikaigusisha nta niliyokuwa nachuja kutoka kwenye masega. Nta ikayeyuka, ikazama kwenye meno ya bolti.

Aliporudi nikamwambia, "Ikaze kwanza kidogo, ndipo uilegeze."

"Nataka kuifungua, wewe unasema niikaze?"

Akaikaza hata hivyo. Ikalia, kisha ikafunguka.

Asante hakusema. Lakini tangu siku ile, hadi tunamzika, sanduku lake la spana halikukosa bonge la nta.

Ndilo hilo nimekutumia kwa basi. Utaona alama ya kidole gumba. Ni cha mume wetu. Wewe kwangua upande wa pili.

Bibi yako